Dominika ya 13 ya Mwaka B: Mama Aliyemaliza Mali Yake kwa Waganga



Injili ya leo, tuliyoisikia kutoka sura ya tano ya Marko, inatuletea wagonjwa wawili kwa pamoja: binti wa Yairo aliyekuwa na umri wa miaka 12, na mama aliyetokwa damu kwa muda wa miaka hiyo hiyo 12. Wahubiri tuna desturi ya kukimbilia mwujiza. Leo tunaomba tukae kidogo na yale anayoyasema Marko kabla ya mwujiza. Anatuambia kwamba mama yule alizunguka kwa waganga wengi, mali yake ikaisha, na ugonjwa ukazidi. Luka, ambaye mapokeo yanatuambia alikuwa tabibu, anaisimulia habari hiyo hiyo kwa kuwapunguzia waganga lawama. Nasi hatumshangai sana.

Mama huyo tunamfahamu. Yumo katika jumuiya zetu. Anatokwa damu isiyo ya siku zake, au amekoma hedhi miaka mingi na damu imerudi. Anaona haya kusema. Anakunywa dawa za mizizi, anapewa vidonge dukani, anaombewa, anangoja mavuno yauzwe ili apate nauli. Siku anayofikishwa hospitali ya rufaa, saratani ya mlango wa kizazi imekwisha kuvuka mipaka yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 ulimwenguni waligunduliwa kuwa na saratani hiyo, na wapatao 350,000 walikufa kwayo. Katika kila vifo 100 vya namna hiyo, 94 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu.

Hapo ndipo linapozaliwa neno tunalolisikia misibani: "Saratani haina dawa. Wote walioenda Ocean Road walirudi kwa jeneza." Ndugu wapendwa, neno hili linaua. Anayelisikia hujificha, na anayejificha huchelewa, na aliyechelewa akifa, neno lenyewe linapata ushahidi mpya. Ni lazima tulivunje kwa kuueleza ukweli wote, ule wa kutia moyo na ule mchungu.

Ukweli wa kutia moyo ni huu. Nchini Marekani, kati ya wanawake 100 ambao saratani yao ya mlango wa kizazi imegunduliwa ikiwa bado mahali pake, 90 hivi wako hai baada ya miaka mitano. Ikigunduliwa imekwisha kutawanyika mbali mwilini, hawafiki 20. Ugonjwa ni ule ule, na hospitali ni zile zile zenye kila kitu. Kinachotofautisha ni siku ambayo mgonjwa alibisha hodi. Tena, mabadiliko ya awali kabisa, yale yanayotangulia saratani yenyewe, huweza kuonekana kwa kupakwa siki hafifu kwenye mlango wa kizazi na muuguzi aliyefundishwa, kazi ya dakika chache, na mara nyingi hutibiwa siku ile ile. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI yuko katika hatari mara sita zaidi ya mwenzake, kwa hiyo yeye asingoje dalili yoyote.

Ukweli mchungu ni kwamba matokeo tunayoyasoma katika vitabu vya tiba si lazima yawe matokeo ya wodi zetu. Dawa mpya inapojaribiwa, wagonjwa huchaguliwa: wenye figo nzima, wenye nguvu ya kutembea, wasio na maradhi mengine mazito. Hufuatiliwa kwa karibu, na akikosa kufika mtu anatumwa kumtafuta. Mgonjwa wa kawaida hachaguliwi na mtu. Anakuja na upungufu wa damu, amekonda, ana watoto watano nyumbani na deni la nauli. Dawa inayompa mmoja miaka inaweza kumpa mwingine miezi, bila dawa yenyewe kuwa na kosa. Matokeo ya utafiti mmoja yaliyotolewa mwaka 2020, uliowafuatilia wanawake zaidi ya 2,000 wenye saratani ya titi katika Namibia, Nigeria, Uganda, Zambia na Afrika Kusini, yalionyesha kwamba baada ya miaka mitatu karibu nusu yao walikuwa wamekwisha kufariki. Watafiti hao walikadiria kwamba sehemu kubwa ya vifo hivyo, kama theluthi moja hivi, ingeweza kuzuilika kwa kugundua ugonjwa mapema na kuwapatia wagonjwa matibabu ambayo tayari yanajulikana. Theluthi hiyo, wapendwa, haingoji mvumbuzi kutoka ng'ambo.

Tuwatazame na watoto. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo juu ya uvimbe wa taya za watoto ambao mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Uvimbe huo hukua kwa haraka ya kutisha, lakini ukipewa dawa huyeyuka pia kwa haraka ya kushangaza. Na ndipo penye mtego. Mzazi anaona taya la mwanawe limerudi sawa baada ya dozi ya kwanza au ya pili, anamshukuru Mungu, anafunga mzigo na kurudi kijijini kulima. Baada ya miezi uvimbe unarudi, safari hii bila kusikia dawa. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 80 katika 100 wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Nyingi za dawa hizo ni za zamani, wala si siri ya mtu. Wanaokosekana ni wale waliogunduliwa mapema na wale waliomaliza dozi.

Basi kumaliza dozi ni jambo la kiroho? Sisi tunasema ndiyo, kwa sababu ni jambo la upendo wa jirani. Tiba ya mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi huchukua kwa kawaida siku tano kila juma, majuma matano hivi, kisha hufuata mionzi ya ndani. Madaktari hutaka yote yamalizike ndani ya siku 56, maana kila siku inayozidi hupunguza nguvu ya tiba. Sasa fikirini mama aliyetoka Sumbawanga au Kibondo. Kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ndiyo iliyokuwa mahali pekee pa mionzi katika Tanzania nzima. Baadaye Bugando, hospitali ya Mwanza iliyo mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki, nayo ilipata mashine. Hata hivyo safari ni ndefu, na majuma saba ya kulala mjini bila ndugu ni gharama inayomshinda mkulima hata kama mionzi yenyewe angepewa bure.

Tulipata kuiona jumuiya moja ndogondogo iliyoelewa jambo hili kuliko sisi mapadre. Mwanajumuiya wao alipopewa rufaa, hawakuishia kuchanga nauli na kumsindikiza stendi kwa nyimbo. Walipanga zamu ya kupalilia shamba lake. Wakamwandikia mtu wa WAWATA mjini, akampatia kitanda. Wakamteua mwenye simu mmoja wa kumpigia kila Jumatano kumwuliza hali, na kumwuliza pia amebakiza siku ngapi. Juma la tatu mama huyo alitaka kurudi, akidai watoto wanaota ndoto mbaya juu yake. Wakampigia watoto wenyewe wakaongea naye. Alimaliza. Hatusemi kwamba kila atakayemaliza atapona, ila huyu alipewa nafasi yake yote.

Yupo atakayeuliza: Je, imani haitoshi? Mama wa Injili hakuponywa na daktari. Ni kweli. Lakini tusimfanye Kristo mpinzani wa hospitali. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamwagiza mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa naye ameumbwa na Mungu. Kiongozi wa maombi anayemwamuru mgonjwa atupe kadi ya kliniki ili kuonyesha imani, anamtwika mzigo ambao Bwana hakumtwika yeyote. Na yule yule Yesu aliyemfufua binti wa Yairo aliamuru mara moja apewe chakula.

Kuhusu Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa, makatekista watusaidie. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kueleza, katika hati juu ya Liturujia, namba 73, kwamba sakramenti hii si ya wale tu walio katika saa ya kufa. Bado tunaitwa usiku wa manane kwa mgonjwa asiyejua tena nani yuko chumbani, na familia inaeleza kwamba iliogopa kumtisha. Mwiteni padre siku ile ya rufaa, kabla ya basi kuondoka.

Na kwa wale ambao tiba haiwezi tena kuwaponya? Kanisa halimlazimishi mtu kuendelea na matibabu yanayomtesa bila matumaini yenye uzito. Katekisimu inalieleza hilo katika namba 2278. Namba inayofuata inaruhusu dawa za kutuliza maumivu, hata kama kwa bahati zinaweza kufupisha siku, maadamu kifo si kitu kinachokusudiwa. Nchini Uganda Dk. Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa, alianzisha mwaka 1993 huduma ya kuwafuata wagonjwa nyumbani na mofini ya maji ya kunywa, dawa isiyo ya gharama kubwa. Maumivu ya saratani yakitulizwa, mgonjwa analala, anasali, anaagana na wanawe, anasamehe aliowakosana nao. Asiambiwe avumilie tu kwa sababu Bwana naye aliteswa.

Tunamrudia binti mwenye miaka 12. Saratani hii ya mlango wa kizazi huletwa na kirusi, na kwa kirusi hicho ipo chanjo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 inatolewa dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Aina mbili za kirusi ambazo chanjo huzuia ndizo zinazoleta saratani hizo 70 hivi katika kila 100. Yapo maneno mitaani kwamba inafunga uzazi. Hayana ukweli, kinachofunga uzazi, na kisha maisha, ni saratani yenyewe. Makatekista wanaofundisha Komunyo ya kwanza na Kipaimara wanayo majina ya wasichana hao na umri wao katika madaftari. Muuguzi wa zahanati akija kigangoni kutafuta saa ya kuzungumza na wazazi, apewe nafasi ya matangazo baada ya Misa, naye asiharakishwe.