Picha Haina Kina: Tuifahamu Simu Inayotambua Uso



Siku hizi fedha nyingi za vikundi vyetu hupitia kwenye simu ya mweka hazina. Michango hupokelewa humo, na taarifa za benki husomwa humo humo. Simu nyingi sasa hufunguka kwa kuitazama tu. Basi tujiulize: mtu akiiokota simu hiyo na kuiwekea picha ya mweka hazina, je, itafunguka?

Jibu linategemea aina ya simu. Kamera ya kawaida huona rangi na mistari ya uso tu, hivyo picha nzuri yaweza kuidanganya. Mwaka 2009 watafiti kutoka Vietnam walionyesha kwamba kompyuta za mkononi za makampuni matatu zilifunguka kwa picha ya mwenyewe. Mwaka 2011 Android 4.0 ilileta njia ya kufungua simu kwa uso, nayo pia ikadanganywa kwa picha.

Dawa iliyopatikana ni kupima kina. Uso wa mtu una mabonde na vilima: pua imejitokeza, macho yameingia ndani. Karatasi ni bapa. Simu ya iPhone X, iliyotoka mwaka 2017, humulika uso kwa nukta zaidi ya 30,000 za mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Kamera ya pekee husoma mahali nukta hizo zilipoangukia. Nukta ya kwenye pua na ile ya kwenye shavu hazisogei sawasawa, na kwa tofauti hiyo simu hupata umbo la uso. Ikiwekewa picha, hukuta ubapa tu, nayo hukataa. Kwa kuwa ina mwanga wake yenyewe, hufanya kazi hata gizani.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kinga hiyo haina mwanya. Kampuni yenyewe inasema uwezekano wa mtu baki kuifungua ni mdogo kuliko 1 kati ya 1,000,000, lakini huongezeka kwa mapacha, kwa ndugu wanaofanana na kwa watoto wa chini ya miaka 13. Mwezi Novemba 2017 kampuni ya Bkav ya Vietnam ilionyesha kinyago ilichosema kiliifungua simu hiyo. Kutengeneza kinyago ni kazi kubwa kuliko kuchapa picha, lakini palipo na fedha nyingi hapakosi mwenye subira.

Kwa hiyo tunazishauri kamati mambo matatu. Kwanza, kabla ya kununua simu ya kikundi, ulizeni kama inapima kina cha uso au inatumia kamera ya kawaida tu. Pili, malipo yathibitishwe kwa namba ya siri, hata kama simu imefunguliwa kwa uso. Tatu, utaratibu wa watu wawili kuidhinisha malipo uendelee kama zamani, maana simu humtambua mwenye uso, haitambui nia yake.

Mchango wa mjane na wa mfadhili wa mbali vyote ni amana mikononi mwetu. Tuvitunze kwa ufahamu.