Mto Mara: Namba Ziko Wapi?

Ng'ombe amehukumiwa. Msikilizaji ameshasikia: kamati iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilimweleza waziri wa mazingira wa wakati huo, Selemani Jafo, kwamba maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa kwa sababu ya kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza kwenye ardhioevu. Mgodi wa North Mara haumo. Ripoti hiyo iliposomwa Machi 2022, kwenye vijiwe vya bodaboda kuanzia Tarime mjini hadi Mugumu hakukuzungumzwa kingine, na wafugaji walikuwa na swali lao: ng'ombe ameanza lini kujisaidia karibu na mto, juzi?

Kituo hiki hakimtetei ng'ombe wala hakiutetei mgodi. Kinauliza swali ambalo kimeliuliza siku zote kuhusu mto huu: namba ziko wapi?

Maelezo ya kamati yanaweza kuwa kweli. Hilo lisemwe wazi, hata kama litawaudhi waliokwisha kuamua. Nyasi za Serengeti huvuta hewa ya ukaa angani na kuigeuza kuwa majani. Ng'ombe, nyumbu na kiboko huzila. Sehemu ya kaboni hurudi hewani kwa pumzi zao, sehemu hudondoka chini kama kinyesi. Masika yakianza, maji huzoa vyote na kuvitelemsha mtoni. Huko vijidudu huvishambulia, na katika kula kwao humaliza oksijeni iliyoyeyuka majini. Oksijeni ikiisha, samaki hukosa pumzi. Vijidudu vya aina nyingine, visivyohitaji oksijeni, hushika zamu, na hapo ndipo tope huwa jeusi na uvundo wa yai viza hupanda.

Jambo hili limewahi kuonekana kwenye mto huu huu, upande wa Kenya. Mwaka 2018 watafiti Christopher Dutton, Amanda Subalusky na wenzao walichapisha matokeo yao kuhusu viboko zaidi ya 4,000 wa Maasai Mara. Kinyesi cha viboko hao hujikusanya kwenye vidimbwi wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha juu husombwa kwa mpigo mmoja. Katika miaka mitatu walinasa mafuriko 49 yaliyoshusha oksijeni mtoni, na 13 kati ya hayo yaliifikisha pabaya kabisa. Samaki walikufa kwa wingi mara tisa ndani ya miaka mitano. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti hao hao walieleza kwamba nyumbu wapatao 6,250 huzama mtoni kila mwaka wakati wa kuvuka, na mifupa yao huchukua miaka saba kuoza.

Hakuna mgodi kwenye hesabu hiyo. Lakini msikilizaji aangalie walivyoipata: walipima. Waliacha vipimo majini usiku na mchana, miaka mitatu, kiangazi na masika, kabla ya kumtaja kiboko. Huku kwetu kamati ilifanya kazi siku chache, mto ukiwa umeshachafuka na samaki wakiwa wameshaelea. Kama kuna vipimo vya oksijeni vya Januari na Februari mwaka huo wa 2022, kutoka Kogatende hadi daraja la Kirumi, vitolewe hadharani. Namba ziko wapi?

Ardhioevu yenyewe ina mengi ya kusema. Mto Mara unaanzia kwenye kinamasi cha Enapuyapui huko Mau, Kenya. Mito ya Nyangores na Amala inaungana, mto unakatiza hifadhi mbili, unaingia katikati ya Tarime na Serengeti, kisha unatapakaa kwenye mafunjo kabla ya kufika Kirumi na Ziwa Victoria. Safari ya karibu kilometa 400. Mafunjo yale ni ghala la kaboni: bua likifa huangukia majini, na kwa kuwa oksijeni chini ni haba, haliozi lote. Mabua yanarundikana mwaka hadi mwaka. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kimo ambacho wazee walikiona mara ya mwisho miaka ya 1960. Kimo cha maji kikibadilika hivyo, mafunjo ya kandokando huathirika, na kilichokuwa ghalani huanza kutoka. Ni tani ngapi? Zimetoka wapi? Nani amepima?

Na Mau nako. Msitu ukikatwa kule juu, mvua haipati nafasi ya kuzama polepole ardhini. Inateremka na udongo wake, na mbolea yake, siku hiyo hiyo. Mkulima wa mahindi Tarime anaijua mvua ya ziwani, mvuke unaopanda kutoka Victoria na kumrudia shambani jioni. Maji ya mto huu yanazunguka, hayana mpaka wa Sirari. Vipimo ndivyo vinavyoishia mpakani.

Kuna kipimo kimoja ambacho hakihitaji maabara, na kituo hiki hakijasikia kikitajwa. Ni aina ya samaki waliokufa. Sangara hawezi kabisa kuvumilia maji yenye oksijeni kidogo, hufa mapema. Kambale hupanda juu na kuvuta hewa. Kamongo ana mapafu, anaishi kwenye tope ambalo sato hawezi kuishi. Maji yakikosa oksijeni tu, wavuvi watawaokota sangara na ningu huku kambale na kamongo wakiendelea na maisha yao. Kambale na kamongo nao wakielea tumbo juu, oksijeni peke yake haitoshi kueleza, na yafaa kutafuta kitu kingine majini. Wavuvi wa Kirumi wanajua waliokota nini. Orodha yao imo kwenye ripoti, ukurasa wa ngapi?

Watu wa Nyamongo, jirani na mgodi, hawakuanza kutilia shaka jana. Mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara yakaingia Mto Tigithe, unaomwaga maji yake Mara. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi huo huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi, na bwawa lake la topesumu likaamriwa lisitumike. Ng'ombe hana bwawa la topesumu. Mtu aliyeyaona hayo mawili hawezi kutulizwa kwa kikao cha waandishi wa habari. Atatulizwa kwa namba, tena namba za kila mwezi, za zebaki, za sianidi, za asidi, za oksijeni.

Halafu kitakachofuata kinajulikana. Mfugaji ataambiwa mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita hizo kutoka kingo za mto, na ni sheria nzuri. Lakini akiondolewa mtoni, ng'ombe atakunywa wapi? Lambo liko wapi? Birika la kunyweshea liko wapi? Kumfukuza mfugaji ni rahisi kuliko kuchimba lambo, na kumlaumu ng'ombe ni rahisi kuliko kupima mto mwaka mzima.

Basi madiwani wa Tarime na wa Serengeti waamke! Wasisubiri waziri arudi. Waulize kwenye vikao vya baraza, na wajibiwe kwa maandishi: nani anapima maji ya Mara na Tigithe, anapima nini, mara ngapi kwa mwezi? Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria ilete matokeo hadi ofisi ya mtendaji wa kijiji, yabandikwe ubaoni kwa Kiswahili, mwenye ng'ombe ayasome na mwenye mtumbwi ayasome. Mgodi ulete vipimo vyake, navyo vibandikwe hapo hapo, pembeni ya vile vya serikali. Wenyeviti wa vijiji wasipokee ripoti isiyo na tarehe ya kipimo wala jina la mahali kilipochukuliwa. Waikatae!

Tangu 2012, Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba. Kutoka Machi hadi hapo ni miezi sita. Inatosha kuweka vipimo Kogatende, Kirumi na mdomo wa Tigithe, na inatosha kuanza na mwezi Aprili.