Kipande cha Kazi, Kipande cha Ardhi

Leo tunaondoka Korogwe, tunaiacha barabara kuu iendayo Moshi na kushika njia ya Magoma na Mashewa. Tunakwenda kaskazini kwa kulifuata bonde la mto Lwengera. Kushoto kwetu imesimama Usambara ya Magharibi, milima ya Bungu na Vugiri, na mbali zaidi huko juu, Lushoto. Kulia ni Usambara ya Mashariki. Katikati ya milima hiyo miwili, bondeni, ni mkonge, mistari kwa mistari.

Juu migomba, chini mkonge. Nataka tuitazame mimea hii miwili kwa swali moja tu: mzee wa hapa alipofumba macho, aliwaachia nini wanawe?

Tuanze na mgomba. Aliyelelewa mlimani anajua tabia yake. Mama anapokatwa, mtoto keshasimama pembeni, na mjukuu anachungulia udongoni. Shamba la migomba likipaliliwa na kutiliwa samadi linamlisha mtu ambaye hakuwapo lilipopandwa. Kwa hiyo mgomba haukuwa chakula peke yake, ulikuwa pia ushahidi. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, Usambara ikiwamo, mtu aliyeazimwa shamba aliruhusiwa kupanda mahindi au maharage, akavuna, akarudisha. Kupanda migomba au miti ya kudumu lilikuwa jambo jingine. Kupanda mgomba ni kusema: nimefika, na wanangu watakuwa hapa.

Wasambaa hawakuweka mali yao yote mahali pamoja. Familia iliyojiweza ilikuwa na mashamba mlimani, na mengine chini nyikani, ili mvua ikikosa huku, huku kwingine pasalimike. Mwanamume mwenye wake zaidi ya mmoja alimgawia kila mke mashamba yake, na watoto wa kiume wa mama huyo walirithi mashamba ya nyumba yao. Kumbuka hilo, msikilizaji: ardhi ilipitia nyumba ya mama, ikafika mikononi mwa kaka. Binti aliyelima tangu utotoni alikwenda kulima kwa mume. Nitalirudia.

Mali ya namna hii hudumu nchi ikiwa imetulia. Wasambaa wana maneno mawili ya siasa ambayo kwangu mimi yana uzito kuliko vitabu vingi: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mtawala aliyeshika mamlaka sawasawa aliiponya nchi, mvua ikanyesha. Ndivyo alivyokumbukwa Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kutoka Vugha. Alipofariki mwaka 1862, ukoo wake ulishikana mashati. Semboja, mwanawe, alikaa chini Mazinde, kwenye njia ya misafara, ambako bunduki zilipatikana. Vita vikawaka, watu wakatekwa na kuuzwa pwani. Mtu aliyekuwa mrithi wa shamba la migomba akawa yeye mwenyewe bidhaa.

Wajerumani waliikuta nchi katika hali hiyo. Mwaka 1895 Kaisari alitoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe katika koloni ni mali ya dola. Isiyo na mwenyewe kwa macho ya nani? Mkulima wa Usambara hupumzisha ardhi. Shamba la nyikani linalolala miaka kadhaa huota vichaka, na mpita njia huliona pori. Lakini mwenyewe yupo, yuko juu mlimani na anajua mpaka wake ni mti gani. Kwa amri ile, akiba ya vizazi ilionekana kuwa uwanja mtupu.

Uwanja ule ulipata mmea wake. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Kutoka miche hiyo 62 likaenea zao lililotawala mkoa wetu. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka huohuo wa 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na mashamba yakaifuata.

Ardhi ilikuwapo na mmea ulikuwapo. Walikosekana watu. Msambaa mwenye migomba yake hana sababu ya kushuka bondeni akachomwe na miiba ya mkonge. Hapo ndipo linapoingia neno ninalotaka ulishike: kipande. Mwaka 1907, katika Usambara ya Magharibi, Wajerumani walianza kuwagawia wanaume kadi. Kila mwenye kadi alitakiwa kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, na asiyejaza kadi yake alikamatwa akafanyishwa kazi za serikali. Kadi ile haikununua nguvu tu. Iliuchukua muda ambao mtu angeutumia katika shamba lake, mara nyingine msimu wa kupanda kabisa.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia mashamba ya Wajerumani yaliuzwa kama mali ya adui. Wakaingia Waingereza, Wagiriki, Wahindi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 iliiweka nchi yote chini ya uangalizi wa Gavana. Mkonge ukaongezeka, na watu wakatafutwa mbali zaidi: Unyamwezi, Songea, Kigoma, Urundi, Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, ambayo wananchi waliiita Silabu. Walioletwa tukawaita manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba.

Tumwazie kijana mmoja aliyeletwa bonde hili mwaka 1950. Simtaji jina, walikuwa maelfu. Amepewa chumba kambini na kipande cha siku 30. Kila siku akimaliza kazi yake, kipande kinatiwa alama. Zikitimia 30, analipwa. Akiugua siku tano, kipande kinamngoja, na mshahara unangoja pia. Ni miaka ya vita vya Korea, bei ya mkonge duniani imepaa, Tanganyika inaongoza kwa uzalishaji. Watu wanauita mkonge dhahabu ya kijani. Mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000, kiasi ambacho hatujakifikia tena.

Kijana wetu anakata majani ya dhahabu hiyo. Lakini angalia anachokimiliki. Chumba ni cha kambi, na siku akiacha kazi anakitoa. Kibustani nyuma ya chumba ni cha shamba. Mshahara umepangwa kumtosha mtu mmoja, kwa kudhaniwa kwamba mkewe na watoto wako kwao wakijilisha. Akizeeka hana pa kurudi, maana kwao alikotoka ndugu wameshagawana. Anaoa hapahapa, anazaa hapahapa, na mwanawe akifika umri anaandikishwa kipande. Kwa maneno mengine, kitu pekee kilichopita kutoka baba kwenda mwana ni kazi yenyewe. Miaka 30 ya jasho, na hakuna mgomba hata mmoja unaoweza kusema ni wa nyumba ile.

Naomba nisieleweke kwamba watu wale hawakuacha kitu. Waliacha ngoma, lugha, ndoa za makabila yasiyojuana, na Kiswahili cha bonde hili kina alama zao. Lakini tunazungumza mali, na kwa upande wa mali nadhani lazima tuseme wazi: umaskini wa kambi haukutokana na uvivu wala ulevi, kama tulivyozoea kusikia. Ulipangwa, na hesabu yake ilipigwa mezani.

Jambo hili si letu peke yetu. Ng'ambo, Januari 1865, Jenerali Sherman wa Marekani aliamuru watumwa walioachiwa huru katika pwani ya South Carolina, Georgia na Florida wagawiwe ardhi, kila familia isiyozidi ekari 40. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson alikuwa ameanza kuirudisha ardhi ile kwa wenyewe wa zamani. Hata hivyo Wamarekani weusi walinunua ardhi kwa kujinyima, mpaka kufikia mwaka 1910 walikuwa na mamilioni ya ekari. Kisha nyingi ikawaponyoka. Njia mojawapo itamshtua msikilizaji wa Usambara kwa jinsi anavyoijua. Mzee alikufa bila wosia. Shamba likawa la watoto wote kwa pamoja, kisha la wajukuu wote, baadhi wako miji ya mbali na hawajawahi kulikanyaga. Mjukuu mmoja anauza sehemu yake kwa mgeni. Mgeni anakwenda mahakamani kuomba shamba ligawanywe. Mahakama inaona haligawanyiki, inaamuru liuzwe lote. Waliokuwa wakiishi hapo wanafungasha.

Turudi Magoma. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Bendera ilibadilika, kipande kikabaki kipande. Kamba za nailoni na plastiki ziliuangusha mkonge, mashamba yakaingia vichaka. Mwaka 1998 mashamba ya mamlaka ya umma yaliuzwa kwa kampuni ya Katani, na mwaka uliofuata ukaanzishwa mpango ambao naona ndio tukio kubwa kuliko yote katika historia ya bonde hili tangu ile miche 62. Mashamba makubwa yalikatwa viwanja, wakagawiwa wakulima wadogo wapande mkonge wao wenyewe, na kiwanda kiusindike. Mashamba ya mpango huo Korogwe ni matano: Hale, Magunga, Mwelya, Ngombezi, na Magoma. Baadaye wakulima wakajiunga katika vyama vyao vya ushirika vya msingi, AMCOS.

Fikiri maana yake. Kwa mara ya kwanza mtu anayekata jani la mkonge anakata jani lake. Na lugha yetu imetuwekea neno lilelile: kipande. Babu alikuwa na kipande cha kazi, mjukuu ana kipande cha ardhi. Lakini tofauti na mlimani, kipande hiki kilikatwa ndani ya shamba ambalo hati yake, mpango ulipoanza, haikuwa na jina la mkulima. Alimiliki mmea. Udongo ulikuwa na mwenyewe.

Na mkonge si mgomba. Unasubiri miaka kama mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, unakatwa miaka kama kumi, kisha unatoa mlingoti juu angani, na mmea unakufa. Nao huchipua watoto udongoni, lakini shambani hawaachwi wakarithi mahali pa mama. Kila kizazi cha mkonge lazima mtu akipande upya, na anayepanda upya lazima awe na uhakika kwamba mahali hapo bado ni pake.

Sasa yule binti niliyemwacha. Mwaka 1963 serikali iliandika sheria za mila za urithi. Binti akawekwa daraja la mwisho, nyuma ya ndugu zake wa kiume, na ardhi ya ukoo aliruhusiwa kuitumia maisha yake tu, bila kuiuza. Mwanamke wa Kagera, Holaria Pastory, alirithishwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia, akaliuza mwaka 1988. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akamshtaki. Mwaka 1990, Mahakama Kuu, Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kanuni ile inapingana na Katiba na mauzo ni halali. Mwaka 1999, mwaka uleule wa viwanja vya Magoma, Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Inatambua hakimiliki ya kimila, ambayo hati yake inaweza kuandikwa majina ya mke na mume, na inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Zile sheria za mila za 1963, hata hivyo, hazikufutwa.

Aliyepata kiwanja Magoma mwaka 1999 akiwa na miaka 50, leo amevuka 75. Mkonge wake wa kwanza ulishatoa milingoti zamani. Katika nyumba kadhaa za bonde hili kikao cha ukoo kimeshakaa au kinakaribia, na katika kikao hicho kuna wana waliokwenda Tanga na Dar es Salaam, na kuna binti aliyebaki akipalilia kati ya mistari.

Juma lijalo, saa hizihizi, tutapanda Mlalo, tusikie kwa nini mwaka 1946 watu walioazima mashamba ndio walioogopa matuta ya Waingereza kuliko wenye mashamba.