Mouttalos: Mtaa Ambao Mwenye Hati Hayupo



Magharibi mwa kisiwa cha Kupro, katika mji wa Paphos, uko mtaa uitwao Mouttalos. Umekaa juu ya genge, bahari ikionekana kwa chini. Wakazi wake wengi leo ni Wagiriki wa kisiwa, lakini vibao vya njia havikung'olewa: majina ya Kituruki yamevishwa herufi za Kigiriki. Msikiti mkubwa nao upo, ule uliokuwa kanisa hadi Waosmani walipokiteka kisiwa mwaka 1570 na 1571. Yaani kuhama na kuhamia si habari ya jana hapa.

Wasafiri hupenda kuuita mtaa huu mahame. Nami nilikwenda nikitafuta magofu. Nilichokikuta ni nguo zilizoanikwa.

Waturuki wa Paphos hawakuondoka kwa siku moja. Machi 1964 mapigano makali kati yao na Wagiriki yalizuka mjini, na kwa miaka kumi Mouttalos ukawa boma la waliojifungia, askari wa Umoja wa Mataifa wakiwa kati. Julai 1974 yakaja mapinduzi yaliyochochewa na Athens, kisha siku tano baadaye jeshi la Uturuki likatua kaskazini. Wagiriki zaidi ya 160,000 walikimbilia kusini. Waturuki zaidi ya 40,000 wakaelekea kaskazini, wa mwisho wao wakisafirishwa baada ya makubaliano ya Vienna ya Agosti 1975. Watu wa Paphos wengi walipelekwa Morphou, nchi ya michungwa, katika nyumba za Wagiriki waliokimbia. Na Wagiriki waliokimbia wakapewa nyumba za Mouttalos.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Vita havikuubomoa mtaa huu kama unavyobomolewa na karatasi. Kwa sheria ya mwaka 1991, Waziri wa Mambo ya Ndani ndiye msimamizi wa mali za Waturuki zilizobaki kusini, mpaka suluhu ipatikane. Mwenyewe hakunyang'anywa hati, ila kwa kawaida hawezi kuuza wala kukodisha. Anayelala ndani hana hati. Basi nani atanunua saruji? Aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja hahitaji kuelezwa: nyumba zilizotaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zilipata wakazi tele, chokaa haikupata mpakaji.

Tarehe 23 Aprili 2003 vivuko vya mstari unaogawa kisiwa vilifunguliwa ghafla, na watu wakamiminika kila upande kwenda kuzitazama nyumba zao. Wenyeji waliwakaribisha kahawa wenye nyumba. Sijui adabu ngumu kuliko hiyo: kumkaribisha mtu sebuleni mwake.

Mwaka mmoja baadaye ikaja kura juu ya mpango wa Umoja wa Mataifa wa kukiunganisha kisiwa, ambao ungeirudisha Morphou kwa Wagiriki. Mtu wa Mouttalos aliyekwisha kuhama angehama tena. Hata hivyo asilimia 65 ya Waturuki wa kisiwa walikubali. Asilimia 76 ya Wagiriki walikataa. Wanaowalaumu Wagiriki kwa kura ile husahau kwamba si wakimbizi wao wote walioahidiwa kurudi makwao. Hati zikabaki zilivyo.

Nyumba niliyoitazama kwa muda mrefu ni ya mawe ya rangi ya asali. Juu ya mlango jiwe la tao limepasuka. Mpangaji hakuliziba, amelitegemeza kwa gogo, na gogo lenyewe limekuwa jeusi kwa umri, maana limesimama pale miaka mingi. Mlango hufunguka nusu, na wa nyumbani wamekwisha kuzoea kuingia kwa ubavu. Kando ya gogo kuna mrehani uliostawi vizuri. Umepandwa ndani ya kopo la mafuta ya zeituni, ingawa ua una udongo mzuri.