Shahada ya Kwanza ya Kiingereza Kisiwani Unguja: Masomo Yake na Kazi Zake

Shahada ya kwanza ya Kiingereza, yaani masomo ya chuo kikuu ya miaka mitatu yanayohusu lugha ya Kiingereza na fasihi yake, hudhaniwa na wazazi wengi wa Unguja kuwa ni njia ya kujifunza kuzungumza. Dhana hiyo inafaa kusahihishwa mapema, kwani kuzungumza hakuhitaji chuo: papasi wa Forodhani na Shangani, kama wanavyoitwa Mji Mkongwe vijana wanaowatafutia wageni hoteli na safari, huzungumza Kiingereza kwa wepesi, na baadhi yao huongeza Kitaliano, bila ya kupita darasa lolote la chuo. Hoja ya mada hii ni kwamba thamani ya shahada hiyo kwa mhitimu wa Unguja imo katika kuisoma lugha hiyo kwa undani huku akikimiliki Kiswahili kwa kiwango hicho hicho, kwa sababu takriban kazi zote zinazomsubiri kisiwani ziko pale lugha mbili hizo zinapokutana.

Mwanafunzi huanza safari hii kidato cha tano, anapochagua tahasusi, yaani mkusanyiko wa masomo matatu makuu, kama vile HKL, ambayo ni Historia, Kiswahili na Kiingereza. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoanzishwa kwa Sheria Namba 8 ya 1999, hufundisha Kiingereza zaidi kwa walimu watarajiwa, ambao hukichanganya na somo jingine la kufundishia. Humo mwanafunzi hukutana na isimu, ambayo ni taaluma inayochunguza sauti, maumbo, miundo na maana za lugha, na hukutana pia na fasihi, ambako hujifunza kusoma riwaya au tamthilia kwa makini na kuitetea kwa maandishi tafsiri yake ya kile alichokisoma. Stadi hii ya pili, kusoma polepole na kuandika kwa ushahidi, ndiyo papasi asiyokuwa nayo.

Ualimu ndio mlango mpana zaidi. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliagiza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na agizo hilo likamtwika mwalimu wa Kiingereza mzigo mzito, kwani mtoto asiyeelewa lugha darasani kwake hupoteza pia hesabu na sayansi katika madarasa mengine. Mwalimu wa skuli ya Makunduchi au Nungwi, ambako mtoto huishi kwa Kiswahili kuanzia alfajiri hadi usiku, hana budi kujua ni wapi miundo ya lugha mbili hizi inaachana, ili makosa ya mwanafunzi wake ayaone kuwa ni athari ya lugha mama, wala asimhukumu kwa uvivu.

Mlango wa pili, unaostahili kutazamwa kwa kirefu kuliko inavyofanyika sasa, ni tafsiri, ambayo ni kuhamisha maana ya maandishi, pamoja na ndugu yake ukalimani, unaohusu mazungumzo ya ana kwa ana. Kwa mfano, mwandishi Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, akasomea ualimu Canterbury na kupata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, alichapisha riwaya ya Paradise mwaka 1994. Wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina la Peponi mwaka 2022, baada ya mwandishi kutunukiwa Nobel mwaka 2021, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Miaka 28 ni mingi mno kwa kitabu kinachosimulia mwambao huu wenyewe. Ugumu wa kazi ya namna hiyo unaonekana katika neno moja tu: katika riwaya hiyo kijana Yusuf humwita mfanyabiashara Aziz kwa neno la Kiingereza, uncle, lisilotofautisha ndugu wa baba na ndugu wa mama, ilhali Unguja ami si mjomba, na anayemwita mtu kwa moja ya majina hayo ameshataja upande wa ukoo. Mfasiri asiyejua Kiingereza hataiona kauli hiyo ilivyo, na asiyejua Kiswahili hatajua kuwa kuna uamuzi wa kufanya.

Milango mingine ni myembamba kiasi, ikiwemo uandishi wa habari, uongozaji wa watalii wenye leseni na kufundisha Kiswahili kwa wageni, kazi inayohusishwa na TAKILUKI, yaani Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, iliyoanzishwa mwaka 1978, na ambayo humfaa sana mhitimu anayeweza kueleza ngeli kwa lugha ya mwanafunzi wake. Uko pia mlango ambao wachache huugonga: Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, zimehifadhi kumbukumbu za ubalozi mdogo wa Uingereza uliofunguliwa mwaka 1841 na za utawala wa ulinzi wa 1890 hadi 1963, kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo mkaazi wa Ng'ambo asiyeijua lugha hiyo hawezi kusoma yaliyoandikwa kuhusu mtaa wake. Mada hii inapendekeza kwamba kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu, badala ya insha moja ya ziada, apewe waraka mmoja wa Kilimani autafsiri, afafanue istilahi zake, na nakala yake ikabidhiwe hapo hapo Kilimani.