Hitimisho ni Hukumu: Kuifunga Insha ya Tathmini



Kila aliyewahi kusahihisha insha za fasihi za Kidato cha Tano na cha Sita anaijua sentensi hii: "Kwa ujumla, mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa kifani na kimaudhui." Unaikuta mwisho wa insha ya riwaya, unaikuta mwisho wa insha ya tamthiliya, na ukifuta jina la kitabu huwezi kujua kinachozungumzwa ni kipi. Mwanafunzi amejaza kurasa, ametoa mifano, na pale alipotakiwa aseme neno lake mwenyewe ametuachia neno la kila mtu. Mada yangu inahusu aya hiyo ya mwisho tu. Dai langu ni kwamba hitimisho la insha ya tathmini ni hukumu, na hukumu isiyotaja kigezo haimsaidii msomaji.

Anayeeleza jinsi Soko la Darajani lilivyo anaweza kumaliza pale maelezo yanapokwisha. Anayetathmini ameulizwa swali jingine: jambo hili lina thamani gani, na kwa kipimo kipi? Msomaji amevumilia hoja zote akisubiri jibu hilo.

Mfano mzuri tunao hapa hapa Unguja. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Uamuzi ule ulikuwa tathmini, na haukuishia kusema kwamba mji ni mzuri na unavutia. Ulitaja vigezo vitatu, cha pili, cha tatu na cha sita, na kila kimoja kikapewa sababu yake. Cha pili, kwa kuwa tamaduni mbalimbali zilikutana hapa zikaungana, na muungano huo unaonekana kwa macho. Cha tatu, kwa kuwa majengo na mpangilio wa mji ni ushahidi wa karne nyingi za biashara ya baharini baina ya Asia na Afrika. Cha sita, kwa nafasi ya mji katika historia ya kukomeshwa utumwa, maana hapa palikuwa mojawapo ya bandari kuu za biashara ya watumwa katika Afrika Mashariki, na hapa hapa wapinzani wake, akiwemo David Livingstone, walipafanya kituo cha kampeni yao.

Kitazameni tena kigezo hicho cha sita. Mji unapewa thamani kwa historia inayouma. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na leo Kanisa Kuu la Anglikana limesimama mahali pale. Mwandishi mwoga angeliacha jambo hilo nje ili hitimisho lake lipendeze. Hukumu iliyokomaa inaweza kubeba uchungu na thamani kwa pamoja, na hili wanafunzi wa skuli zetu wanaliweza kabisa wakionyeshwa.

Sasa tuchukue swali ambalo mwalimu yeyote wa hapa anaweza kulitunga: "Tathmini utunzaji wa majengo ya kale ya Mji Mkongwe." Mwanafunzi anaandika kwa bidii. Anaitaja Beit-al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, na anaeleza kwamba tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo hilo iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Halafu anahitimisha: "Utunzaji ni mzuri ingawa zipo changamoto chache." Ushahidi wake mzito kuliko wote umekwenda wapi? Watu wamekufa, na jengo mashuhuri kuliko yote mjini limeanguka, naye analihesabu tukio hilo miongoni mwa changamoto chache. Si lazima ahukumu kwamba utunzaji umeshindwa kabisa. Anaweza kusema umefaulu katika kulinda sura ya mji mzima na umeshindwa katika kuwahi kuimarisha jengo moja moja. Lakini hitimisho lolote atakaloandika lazima lipite mbele ya Beit-al-Ajaib na kuitazama. Ushahidi unaoipinga hukumu ndio unaoipima, na mahali pa kuujibu ni pale mwisho.

Katika fasihi kanuni ni hiyo hiyo. Nachukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, riwaya ya mwaka 1999 ambayo wengi wetu tumeifundisha. Hebu soma hitimisho hili:

"Kwa kigezo cha kumwonesha mwanamke anayejichagulia maisha, riwaya hii imefaulu, kwa sababu Yasmin anaiacha ndoa aliyoozwa kwa Bwana Raza, na mwandishi hamwepushi na gharama yake: jamaa zake wanamtupa. Inapungua kwa Mwajuma, ambaye tunamjua zaidi kama msaada wa Yasmin kuliko kama mtu mwenye safari yake."

Unaweza kulipinga, na hiyo ndiyo sifa yake. Sentensi ya "kwa kiasi kikubwa" hakuna awezaye kuipinga, kwa kuwa haijasema kitu. Na mwanafunzi mwingine akiipima riwaya hiyo hiyo kwa kigezo cha harakati dhidi ya ukoloni, ataanzia kwa mhusika Denge, na huenda akafika kwenye hukumu tofauti. Wote wawili wanastahili alama kamili.

Yapo mambo madogo. Hoja mpya isiletwe kwenye aya ya mwisho, maana haina tena nafasi ya kuthibitishwa. Pendekezo liwepo pale tu swali linapolitaka, sijaona faida ya kumshauri mwandishi wa riwaya iliyokwisha kuchapwa "aongeze mafunzo." Urefu nao usitusumbue.

Linalonisumbua ni sisi wasahihishaji. Mwanafunzi anaandika sentensi ya kukariri kwa sababu tunaipa alama. Tukiona "amefaulu kwa kiasi kikubwa" tunatia vema na kufungua ukurasa mwingine. Walimu wenzangu, kuanzia mitihani ya muhula ujao ya skuli zetu, naomba katika mwongozo wa kusahihisha alama za hitimisho tuzigawe kwa mambo matatu: kigezo kimetajwa, hukumu imetolewa, na ushahidi unaoipinga umejibiwa. Asiyefanya hata moja asipate alama ya hitimisho.