Surua Baada ya Vipele

Mzazi huipima surua kwa vipele. Vikitoka huingiwa na hofu. Vikikauka na ngozi kuanza kupukutika, hushukuru kwamba mtoto amepona. Hoja yangu jioni hii ni kwamba kipimo hicho kinatupotosha. Vipele ni alama ya mwili unaopambana na kirusi, ilhali madhara mazito ya surua hufanyika katika seli za kinga kabla ngozi haijabadilika, nayo hudumu muda mrefu baada ya ngozi kutulia. Ili tuione hoja hii sawasawa, hatuna budi kukifuata kirusi chenyewe tangu kinapoingia.

Kirusi cha surua kina uzi mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 16,000 na jeni sita tu. Hakina chombo cha kutengenezea protini wala chanzo cha nishati, hivyo nje ya seli hakiwezi kuongezeka. Mtoto huvuta hewa aliyoikohoa mgonjwa, hewa inayoweza kuambukiza hata saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka, na kirusi hupokelewa na seli za ulinzi zilizomo mapafuni. Juu ya seli hizo ipo protini iitwayo CD150, ambayo watafiti wa Japani waliitambua mwaka 2000 kuwa ndiyo mlango wake. Hapa ndipo penye uzito wa jambo zima, maana protini hiyo hukaa juu ya seli za kinga, zikiwemo zile zinazotunza kumbukumbu ya magonjwa ambayo mtoto aliwahi kuyashinda. Kirusi kinaanza na walinzi wenyewe. Utando wake huungana na utando wa seli, RNA ikaingia pamoja na kimeng'enya chake, kwa kuwa seli ya binadamu haina kimeng'enya cha kuinakili RNA ya aina hiyo. Ribosomu za seli husoma ujumbe wa kirusi kama zinavyosoma ujumbe wa seli yenyewe, na protini zake hujengwa kwa malighafi na nishati ya seli. Nakala mpya huchomoza kwenye utando na kuhamia seli nyingine, hadi kwenye tezi za limfu na wengu. Siku kama 10 hupita hivyo, mtoto akicheza na wenzake. Kisha seli zilizoambukizwa hukikabidhi kirusi kwa seli za njia ya hewa, na mgonjwa huanza kuwaambukiza wengine siku 4 hivi kabla kipele cha kwanza hakijaonekana. Anayesubiri vipele ndipo amtenge mtoto amekwisha kuchelewa.

Vipele vyenyewe basi vinatoka wapi? Vinatokea pale seli T, ambazo ni sehemu ya kinga, zinapozishambulia seli za ngozi zilizoambukizwa. Ushahidi wake unasikitisha. Watoto waliozaliwa bila seli T za kutosha wanaweza kufa kwa nimonia ya surua bila kutoa kipele hata kimoja, na mwaka 1959 mtafiti John Enders na wenzake walikipata kirusi katika mapafu ya wagonjwa waliokufa kwa nimonia bila vipele. Kinyume chake, watoto wasioweza kutengeneza kingamwili lakini wenye seli T hutoa vipele kama kawaida na kupona.

Dalili ya uharibifu wa kinga ilionekana mapema zaidi. Mwaka 1908 Clemens von Pirquet, daktari wa watoto huko Vienna, alieleza kwamba watoto waliokuwa wakiitikia kipimo cha ngozi cha kifua kikuu waliacha kuitikia walipougua surua. Ilichukua zaidi ya karne kuupima uharibifu huo kwa undani. Mwaka 2019 watafiti walilinganisha damu ya watoto 77 wa Uholanzi wasiochanjwa, kabla na baada ya kuugua, wakakuta kwamba surua iliwapotezea kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya vimelea vingine.

Itasemwa kwamba wanaougua surua ni watoto maskini na wenye utapiamlo, na kwamba huo ndio unaowadhoofisha. Lishe duni huzidisha hatari, sikatai. Lakini watoto wa Uholanzi hawakuwa na njaa, na kila mmoja alilinganishwa na damu yake mwenyewe. Wengine watauliza: mbona aliyeugua surua haugui tena? Ni kweli. Mwaka 1846 daktari Peter Panum aliona visiwani Faroe kwamba wazee waliougua mwaka 1781 hawakupatwa tena. Kinga hiyo inayodumu ni ya surua peke yake, na mtoto huilipia kwa kinga aliyokwisha kuipata dhidi ya maradhi mengine. Pingamizi zito zaidi ni hili: chanjo nayo ni kirusi hai kilichodhoofishwa, je, haifuti kumbukumbu? Utafiti ule wa mwaka 2019 uliwapima pia waliochanjwa na haukuona upotevu wa namna hiyo.

Tiba nayo inatufundisha. Antibayotiki hazikigusi kirusi. Husaidia pale tu bakteria wanapovamia baadaye. Vitamini A haikiui pia, bali huisaidia kinga na ngozi laini ya njia ya hewa. Katika hospitali ya Mvumi, Dodoma, utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ulihesabu vifo 6 kati ya watoto 88 waliopewa vitamini hiyo, na 12 kati ya 92 ambao hawakupewa. Idadi hiyo peke yake ilikuwa ndogo mno kumaliza ubishi, lakini mwaka 1990 utafiti wa Cape Town ulipata vifo 12, na 10 kati yake vilikuwa vya watoto ambao hawakupewa.

Kwa kuwa mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, surua huzuilika pale tu watoto wapatao 95 katika kila 100 wanapokuwa wamepata dozi mbili za chanjo. Tanzania na Kenya hutoa dozi hizo katika miezi 9 na miezi 18. Nawaomba wazazi, hasa ambao watoto wenu wamekwisha kupata dozi ya kwanza mkaona yatosha: mrudisheni mtoto kliniki akamilishe ya pili.